Inchi Kutoka Sakafuni

Jumatatu, 2 Septemba

Mvua imeanza leo alasiri, nami nimefungua daftari jipya. Lile la zamani lina majina ya wanafunzi na vipimo vya watu, litabaki kwenye droo ya cherehani. Hili nitaliweka chini ya godoro, upande wangu.

Ikitokea siku moja binti yangu akalisoma, na ajue mambo yalivyokuwa. Tuna miezi kumi na minne katika nchi hii ya watu. Kanisa letu nyumbani lilimtuma baba yake kuhubiri, nami nikafuata kama uzi unavyofuata sindano. Yeye ni mwinjilisti, mimi ni fundi cherehani. Mtoto tulimwacha kwa dada yangu kwa ajili ya shule. Kila asubuhi ya siku ya kazi nafundisha wanawake kushona katika chumba cha mbele cha nyumba tuliyopanga. Jumapili tunasali katika chumba cha nyuma cha duka la mbao, juu ya mabenchi yenye maranda. Mji uko karibu na mpaka, kwa hiyo wengi wanaijua lugha yetu, ingawa wakicheka wanacheka kwa yao.

Mgongo unaniuma tangu Juni. Aliyenifundisha ushonaji alikuwa akisema tepu haidanganyi, anayedanganya ni anayeisoma. Basi kila asubuhi kabla ya chai nitasimama miguu pamoja, magoti yamenyooka, niiname mpaka mwisho wa uwezo wangu, nipime kwa tepu kutoka ncha ya kidole cha kati hadi sakafuni. Mwenye afya afikaye sakafuni ni sifuri.

Leo: inchi sita.

Jumanne, 3 Septemba

Mvua. Inchi sita. Wanafunzi watano.

Ijumaa, 6 Septemba

Inchi saba. Wanafunzi sita, maana Bi Haraka amerudi. Tumempa jina hilo kwa sababu anashona kama mtu anayefukuzwa. Leo amemaliza gauni la mtoto wake kabla wenzake hawajamaliza kukata, na mkono mmoja ameushona ndani nje. Nikamwambia afumue. Akasema mwenye gauni bado anatambaa, hatajua. Tulicheka wote, nami nikaumia kwa kucheka.

Ana kifafa, na hafichi. Saa nne kamili humeza vidonge vyake mbele yetu, kisha husema, "Haya, shetani wangu kalala, tuendelee." Mwenzangu wa ndoa hayapendi maneno hayo.

Jumapili, 8 Septemba

Watu tisa kanisani, pamoja na sisi wawili na mlinzi wa duka la mbao, ambaye yupo kwa sababu ni zamu yake. Mwenzangu alihubiri kana kwamba ni mia tisa. Nilimtazama mgongo wake ulionyooka nikauonea wivu.

Niandike na hili, maana sina wa kumwambia. Sijui kama naamini. Niliolewa ndani ya imani yake kama mtu anavyoolewa kwenye nyumba iliyokwisha jengwa: nikafagia, nikapika, nikajua kila kitu kiko wapi, lakini tofali sikuweka hata moja. Nyumbani haikuonekana. Ukiimba na watu mia tatu huisikii sauti yako. Hapa naisikia.

Inchi saba na nusu.

Jumatano, 11 Septemba

Inchi nane. Mwenye nyumba kaingia tena bila hodi. Ni mjane, anaishi chumba cha uani, na zamani alikuwa mpishi wa hospitali. Hufunua sufuria zangu akatazama ndani, kisha hufunika bila neno, jambo ambalo ni baya kuliko kusema. Kanisani haji. Akialikwa hujibu kwamba Mungu anajua anapoishi.

Leo alisimama mlangoni akanitazama nikifagia. "Mwanangu, mbona unatembea kama umebeba mtungi kichwani, na mtungi siuoni?"

Nikamwambia ni uchovu wa cherehani.

"Cherehani gani hiyo inayomfuata mtu mpaka msalani?"

Nikaendelea kufagia. Simpendi sana.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimemwomba mwenzangu twende hospitali. Hakukataa. Alisema tutakwenda, lakini kwanza tuombe, atafunga siku kumi kwa ajili yangu. Mama yake alifia kwenye foleni ya hospitali akiwa amemshika mkono, na hayo nayajua, kwa hiyo sikubishana. Yeye si mtu mbaya. Amekonda.

Inchi nane. Mvua usiku kucha.

Jumatatu, 16 Septemba

Inchi tisa na nusu. Wanafunzi wanne.

Jumapili, 22 Septemba

Watu kumi na wanne. Nimeombewa mbele ya wote. Nimeinama, nimegusa sakafu. Watu wamepiga makofi, mlinzi amelia.

Jumatatu, 23 Septemba

Inchi kumi na moja.

Jana nilishindwa kuandika zaidi. Leo niandike yote.

Mwenzangu aliniita mbele baada ya mahubiri. Ilikuwa siku ya mwisho ya kufunga kwake. Aliniwekea mikono mgongoni, nayo ilikuwa ya moto, na wale watu wote wakawa wanaomba kwa sauti katika lugha mbili. Sitadanganya kwamba sikusikia kitu. Nilisikia joto. Nilisikia kwamba miezi kumi na minne hakuna aliyenishika mgongo kwa muda mrefu hivyo. Kisha akasema, "Inama, mama. Kwa imani, inama."

Nilikuwa nimevaa ile sketi ya vipande sita niliyoshona mwenyewe, inayofika kwenye vifundo vya miguu. Fundi anajua sketi pana inaficha nini. Nilianza kuinama, maumivu yakanishika palepale yanaponishika siku zote, na vidole vikiwa hewani nikamwona usoni. Alikuwa anatetemeka. Hakuwa mwinjilisti tena, alikuwa mtoto kwenye foleni ya hospitali. Nikakunja magoti ndani ya sketi, taratibu, mpaka vidole vikagusa maranda.

Ni hayo tu. Hakuna aliyeona. Makofi yakalipuka.

Jumatano, 25 Septemba

Inchi kumi na moja. Mwenzangu ameandika barua nyumbani, kurasa nne. Kanisomea. Ni barua nzuri. Jana alikula sahani mbili.

Jumatano, 2 Oktoba

Inchi kumi na mbili. Katibu wa huduma amepiga simu kutoka nyumbani. Barua imesomwa mbele ya kanisa lote, watu walisimama. Binti yangu alikuwepo. Alipewa simu akaniuliza kama sasa naweza kumbeba mgongoni nikirudi. Nikasema ndiyo. Simu ikakatika, au niliikata, sikumbuki.

Jumapili, 6 Oktoba

Watu ishirini na wawili. Wanaokuja wapya hunitazama mimi kwanza, kisha msalaba.

Jumatatu, 7 Oktoba

Sasa nafundisha nimesimama. Nawaambia wanafunzi kwamba mwalimu mzuri haketi. Nikiwa peke yangu jikoni nashika meza kwa mikono miwili, nahesabu mpaka thelathini, naendelea. Jasho hunitoka usiku mpaka shuka linalowa, na nimekaza sketi mara mbili kiunoni. Mwenzangu anasema nimependeza.

Inchi kumi na tatu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mvua. Mwenye nyumba kaniona nikianika shuka asubuhi, mara ya tatu wiki hii. Alinishika mkono, akausikiliza mshipa kama daktari. Kisha akasema bila mzaha wowote: "Mficha maradhi, kilio humuumbua. Mimi nimepikia wagonjwa miaka ishirini. Wewe ni mgonjwa."

Nikamwambia nimekwisha kupona, mji mzima unajua.

"Mji mzima haulali kwenye hilo shuka," akasema, akachukua pindo lingine akanisaidia kuanika.

Jumapili, 13 Oktoba

Watu thelathini na watano. Kuna aliyemleta mama yake kwa toroli. Nilitoa ushuhuda, maneno yale yale. Niligundua ninayasema vizuri zaidi kila mara, na hilo lilinitisha.

Ijumaa, 18 Oktoba

Inchi kumi na nne. Ganzi kwenye nyayo za miguu, kama nimevaa soksi.

Saa nne Bi Haraka hakumeza vidonge. Nilidhani kasahau, nikamkumbusha. Akaniinamia sikioni, amefurahi: "Nimeacha, Mwalimu. Siku ya sita leo. Kama wewe. Nimesema, kama yeye kainama mbele ya watu, mimi vidonge vya nini?"

Hapo ndipo ningesema. Palikuwa na nafasi ya sentensi moja, na wenzake walikuwa wanabishana kuhusu bobini, wasingesikia. Nilisema, "Umemwuliza daktari?" Akacheka, akasema daktari haji kanisani. Nikachukua chaki nikaendelea kuwachorea mkato wa kola.

Jumapili, 20 Oktoba

Watu arobaini na mmoja. Sikula.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimeamka na nia ya kumwambia Bi Haraka. Hakuja, mtoto wake ana mafua. Nilishukuru. Kisha nikajiuliza nilikuwa namshukuru nani.

Inchi kumi na nne na nusu.

Alhamisi, 24 Oktoba

Imetokea.

Wanafunzi wote sita walikuwepo. Bi Haraka alikuwa cherehani ya dirishani, anashona pindo la shuka, mbio kama kawaida yake. Mlio wa cherehani ukasimama katikati. Nilipogeuka, alikuwa anatazama ukuta na mdomo umekaza. Kisha akaanguka ubavu, kiti kikaenda upande wake, kichwa kikagonga ukingo wa meza, akaanza kutikisika sakafuni na mkasi ukiwa bado mkononi.

Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Hatua mbili. Nilifika, nikasimama juu yake, na sikuweza kuinama.

Nilijaribu. Nilijaribu hata kukunja magoti kama siku ile, lakini miguu ilikuwa haina nguvu, nikajua nikishuka sitapanda, nitamwangukia. Mkasi ulikuwa unamkata kiganja. Mmoja wa wanafunzi alikuwa akiniambia, "Mwalimu, mshike! Mwalimu, si mshike!" nami nimesimama wima kama nguzo, mikono inaning'inia, inchi kumi na nne na nusu juu ya mtu anayeumia. Wote watano waliniona. Sketi haikuficha kitu.

Mwenye nyumba aliingia, bila hodi, na safari hii nilimshukuru Mungu kwa hilo. Alinisukuma pembeni, akauondoa mkasi, akamlaza Bi Haraka ubavu, akaweka khanga chini ya kichwa chake, akasema tusimshikilie wala tusimtie kitu mdomoni. Alikaa naye mpaka ikaisha. Mimi nilishika meza.

Kifafa kilipotulia nikasema, kwa wote: "Sikupona. Siku ile nilikunja magoti. Sijawahi kupona hata siku moja."

Mvua tu juu ya bati. Mwanafunzi mmoja alichukua mkoba wake akatoka. Wengine wakabaki, nadhani kwa sababu ya mvua.

Bi Haraka alipozinduka vizuri, ana bandeji kiganjani na uvimbe kwenye paji la uso, nilimwambia tena yeye peke yake. Nilitaka anitukane. Akasema kwa sauti ya usingizi: "Hata mimi ningekunja, Mwalimu. Macho yote yale." Kisha akasema, "Lakini Ijumaa ungeniambia." Akafumba macho.

Hilo la pili ndilo nililorudi nalo chumbani.

Mwenzangu alirudi saa kumi. Nilimwambia amekaa kwenye kiti cha Bi Haraka, maana ndicho kilichokuwa karibu. Aliuliza tangu lini. Nikasema tangu siku ile ile. Aliuliza kama hata kidogo hakikupungua kitu. Nikasema palikuwa na joto. Alitazama mikono yake, mbele na nyuma.

"Nimeandika barua sita," akasema.

Halafu akasema tusimwambie mtu mwingine mpaka tujue la kufanya, nami nikaona kwamba hajawahi kujua la kufanya, tangu tufike, na kwamba ile sauti ya mia tisa ilikuwa yake ya kujifariji mwenyewe. Nilitaka kumshika. Sikufika alipo.

Ijumaa, 25 Oktoba

Sikupima. Mguu wa kushoto haukuitika kutoka kitandani. Mwenzangu alinibeba mpaka kwenye gari la kukodi. Mvua ilitupiga wote wawili, na usoni kwake sikujua tone lipi ni la mvua.

Jumatatu, 28 Oktoba

Hospitali. Naandika nimelala, daftari juu ya uso, wino unagoma. Daktari ni msichana mwenye haraka na mwenye huruma. Ameshika picha dirishani akanionyesha: mifupa miwili ya mgongo imelika. Ni kifua kikuu, lakini kimekwenda kukaa kwenye uti wa mgongo. Vidonge mwaka mzima. Kulala chali wiki sita, nisikae, nisigeuke ila nimegeuzwa. Amesema ningekaa mwezi mmoja zaidi nyumbani, nisingetembea tena. Kama nitatembea sasa, tutaona.

Akauliza kwa nini nilichelewa. Nikamwambia. Aliandika kitu kifupi kwenye kadi. Ningependa kujua aliandika nini.

Jumatano, 30 Oktoba

Dari ni la bati. Bati la nne kutoka dirishani lina kutu inayofanana na kiatu.

Alhamisi, 31 Oktoba

Kiatu.

Jumapili, 3 Novemba

Mwenzangu alikuja saa tisa. Alisema kanisani walikuwa watu arobaini, wanauliza habari zangu, amewaambia naumwa. Sikuuliza amesema naumwa nini. Alinisomea zaburi, akaondoka. Hatukugusa lile jambo, kama watu wanaopishana kwenye korido nyembamba.

Hapa ndugu ndio wanaowaosha wagonjwa. Mimi sina ndugu. Niliona aibu kwa muuguzi, nikasema naweza kusubiri.

Jumanne, 5 Novemba

Mwenye nyumba amekuja na beseni lake mwenyewe. Nikamwambia asijisumbue. Akaniambia niache maringo, mwaka mzima nimetia chumvi kidogo kwenye mboga naye akanyamaza, sasa zamu yangu kunyamaza. Amesema atakuja kila siku saa moja na nusu. Alinigeuza kwa msaada wa muuguzi, mwili wote kwa pamoja kama gogo, akaosha mgongo.

Jumapili, 10 Novemba

Mvua kubwa tangu alfajiri. Wodi ilikuwa tupu, wenye ndugu wamekwenda nao barazani, wengine kusali. Nataka kuandika hili vizuri nisije baadaye nikaliongezea chumvi. Nimekwisha kujua kwamba naweza.

Mwenye nyumba aliniosha. Alipofika pale palipoharibika, kinundu kilichotokeza, hakupaharakisha. Alipapitia kwa kitambaa kama alivyopitia pengine, akasema maji ya leo ni ya vuguvugu zaidi, akaendelea kuelekea chini. Nilikuwa uchi, ninanuka, mguu mmoja haunisikii. Nikagundua kwamba anaushika mwili huu bila kutaka uwe umepona. Ameushika ulivyo. Akimaliza atamwaga maji, atarudi kesho.

Alipokwenda kumwaga beseni, nikasema kwa sauti, kwa dari: "Nilikunja magoti."

Nimesali mbele za watu miaka kumi na miwili, na nina hakika hiyo ndiyo sala yangu ya kwanza. Sikuomba kitu. Nikaongeza, "Na Ijumaa ile nilinyamaza." Nikaongeza na mengine ya zamani, ambayo sitayaandika.

Hakuna sauti iliyonijibu. Mguu haukusogea. Maumivu yalikuwa palepale, kama mkubwa wa nyumba. Lakini sikuwa nasema na bati. Siwezi kueleza zaidi ya hapo. Ni kama unapoingia chumba chenye giza ukajua kuna mtu ameketi, kabla hajakohoa. Na huyo aliyekuwepo hakuwa ananitazama kuona kama nitafika sakafuni.

Mwenye nyumba aliporudi akaona nalia, akauliza ni maji ya moto? Nikasema hapana. Akasema, "Basi lia, mwanangu. Hapa hakuna foleni." Akakaa.

Jumatatu, 11 Novemba

Yule niliyesema naye jana bado yupo. Nilidhani asubuhi sitamkuta.

Jumatano, 13 Novemba

Nimeandika barua kwa kanisa la nyumbani. Ukurasa mmoja. Nimeeleza sketi, magoti, Bi Haraka na vidonge vyake. Nimesema mwenzangu hakujua. Nimesema pia kwamba nimempata Mungu hapa kitandani nikiwa mgonjwa, na kwamba wasiniandike kwenye orodha ya waliopona.

Nilimpa mwenzangu alipokuja, bila bahasha, ili asome. Alisoma amesimama. Alisema Katibu amepiga simu, barua ile ya kwanza imefanya vijana watatu wajitolee kwenda kuhubiri nje. Nikasema na wajitolee kwa jambo lililotokea. Aliikunja, akaitia ndani ya Biblia yake.

Alhamisi, 14 Novemba

Biblia ya mwenzangu haifungi vizuri. Barua bado imo.

Jumamosi, 16 Novemba

Imo. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kimesogea. Mwenye nyumba ndiye aliyekiona, akakisalimia.

Jumatatu, 18 Novemba

Bi Haraka amekuja, na vidonge vyake, akavimeza mbele yangu saa nne kamili kwa maji yangu. Kidonda kiganjani kimekauka. Hakuleta ule msemo wake wa shetani. Nilimwomba msamaha wa ile Ijumaa tu, si wa mengine. Akasema amekuja kwa sababu bado ana hasira nami na mwenye hasira lazima amwone mtu, asije akamsahau sura. Kisha akanichana nywele, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Jumatano, 20 Novemba

Imo. Mwenzangu alisema, akitazama dirisha: "Nikiwaambia, nitabaki na nani?"

Nilimwambia atabaki nami. Niliogopa ataliona ni dogo. Pengine aliliona. Nikamwambia juu ya ile Jumapili ya mvua, kila kitu, hata beseni. Miaka yote hii yeye ndiye alikuwa akinisimulia habari za Mungu. Alisikiliza kama mtu anayepewa habari za kijiji chao na mgeni. Mwishoni akauliza, kwa sauti ndogo, kama nadhani Mungu alikuwepo pia siku ile ya mikono. Nikasema ndiyo. Nadhani alikuwepo, na sisi wawili tulikuwa na kelele.

Jumapili, 24 Novemba

Amewaambia. Mwenye nyumba, ambaye hajawahi kukanyaga pale, alikwenda kusikiliza nyuma ya mbao, ndiye aliyenipa habari. Anasema hakupaza sauti hata kidogo, waliokaa nyuma walilazimika kusogea mbele. Alisema mke wake anaumwa, alisema ugonjwa gani, alisema kila mwenye vidonge ameze vidonge. Alisema yeye ndiye aliyetaka muujiza kwa ajili ya barua. Watu wengi walitoka kabla ya wimbo wa mwisho.

"Leo ndiyo kahubiri," akasema mwenye nyumba.

Jumatatu, 25 Novemba

Alikuja, akaketi, akaweka Biblia juu ya kitanda. Imefunga vizuri.

Jumapili, 1 Desemba

Watu kumi na mmoja. Bi Haraka kakaa mbele, mlinzi hakuwa zamu lakini alikuja. Mvua kidogo.

Ijumaa, 6 Desemba

Nimesimama. Wamenivika gamba gumu la plastiki kutoka kwapani hadi nyongani, limefungwa mikanda, wauguzi wanaliita koti. Hatua tisa mpaka dirishani, mguu wa kushoto unaburuta. Kwa mara ya kwanza nimeona wodi kwa urefu wake. Ni ndogo. Uani hakuna matope tena.

Jumapili, 8 Desemba

Nyumbani. Maumivu bado, hasa jioni. Daktari amesema kinundu hakitaondoka na kuinama nisahau mpaka mwakani, huenda na baadaye. Kutoka nyumbani kwetu imekuja barua ya Katibu, mistari mitano, inasema wamepokea na wanatafakari. Ndani yake palikuwa na karatasi ya binti yangu. Anasema basi nikirudi atanibeba yeye.

Kuna saa namwomba Mungu na hakuna kitu, dari tu. Sidanganyi. Lakini sasa najua tofauti kati ya dari na dari.

Jumanne, 10 Desemba

Hakuna mvua siku ya sita. Wanafunzi watatu.

Sketi zangu hazipiti juu ya gamba, kwa hiyo tumeshona mpya. Mimi nilipima na kuchora, Bi Haraka akakata na kushona. Alishona polepole kiasi kwamba nilimwuliza kama anaumwa. Akasema hii haina sehemu ya kuficha makosa. Ni kweli, ni sketi nyembamba, imenyooka, inaishia chini kidogo ya magoti.

Ilibaki pindo. Kuweka pindo lazima mtu ashuke chini na tepu, na mimi sishuki. Wanafunzi walikuwa wamekwenda. Mwenzangu akasema atafanya yeye, nimwelekeze. Akapiga magoti mbele yangu, miaka yote hii nimemwona akipiga magoti na kusema, sasa alikuwa na pini nne mdomoni, hawezi kusema kitu. Alinizunguka taratibu kwa magoti, akisimamisha tepu sakafuni, akikunja, akichoma pini, akitazama juu kuniuliza kwa macho kama ni sawa. Pini moja ilinigusa goti. Alilishika goti kwa kiganja chake, akalishikilia.

Nilimwambia asome namba.

Akatoa pini mdomoni. Kutoka sakafuni hadi pindo: inchi kumi na saba.